Siwema na Nguzo Isiyokuwapo

Hapo zamani, tena si zamani sana, kwa kuwa miwani ya kompyuta imtiayo mtu ndani ya picha ilikwisha kufika vyuoni, palikuwa na wanafunzi watatu wa ufundi umeme na nafasi moja tu ya kazi. Mwalimu Nahoda alitangaza: "Atakayenionyesha kuwa ni fundi, barua ya ajira ni yake."

Siwema aliitaka barua ile hata usingizi ukamruka. Lakini kila alipovaa miwani na kuiona nguzo ya umeme, aliipanda kwelikweli: alivua viatu asiteleze, kisha akaukumbatia mguu wa mwalimu.

"Shuka, mwanangu. Hapo ulipo ni sakafuni."

"Nitashukaje, Mwalimu, na chini ni mbali?"

Kombo alicheka hadi akashika mbavu. Yeye miwani hakuivaa kamwe. Alidai inamuumiza macho. Hidaya aliivaa, akapata mia kwa mia. "Mimi muda wote najua nipo darasani," alisema, akipiga miayo.

Ikafika siku ya mtihani. Kwanza, Siwema aliona ndani ya miwani fundi amenaswa na waya, akapiga ukelele: "Anakufa! Zimeni umeme!" Pili, Kombo alisahau kucheka, nywele zilimsisimka, akaruka, akashusha swichi kuu ya chuo kizima. Tatu, kishindo kilisikika jikoni: Bi Mosi, mpishi, alikuwa amenaswa kweli na birika bovu la umeme, hata sauti haimtoki, umeme ulipokatika akaanguka, hapumui. Nne, Hidaya alimwendea, akamkandamiza kifua kama alivyojifunza ndani ya miwani, mpaka Bi Mosi akafumbua macho na kuuliza nani anayaangalia maharage yake.

"Bila swichi yangu, dada, mngenaswa wawili," alisema Kombo.

"Na bila mikono yangu, kaka, ungekuwa umezima taa tu," alijibu Hidaya.

Siwema alikuwa bado ameshika viatu vyake. "Mimi sikumwona Bi Mosi," alikiri. "Nilimlilia mtu asiyekuwapo. Lakini ningejua nipo darasani, ningenyamaza."

Mwalimu Nahoda aliiweka barua mezani, akainua kalamu, kalamu ikagoma kushuka. Haya, nyinyi mliosikia yote kwa mpangilio wake, wala msiniambie wagawane: aliyeamini kisichokuwapo, aliyeuamini ukelele wake, na asiyeamini lolote, lakini mikono yake haikukosea. Je, barua ile ilistahili jina la nani?