Ukuta wa Bi Mwanakheri

Ufa uliosemwa hauui, huua uliopakwa. Methali hii ilianza hivi, na naomba mnikalie kimya mpaka nimalize, kwa sababu si habari ninayopenda kuirudia.

Mize na Shaali, wajukuu zangu, ninyi mnadhani kila methali imeachwa na wahenga ambao hata makaburi yao hayajulikani. Leo mmemsikia dalali akiitupa mbele ya wateja wake, watu wakacheka, nanyi mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haijatoka mbali. Ina miaka arobaini na mitatu tu, na mimi babu yenu niliiona ikizaliwa. Afadhali isingezaliwa.

Wakati huo mtaa wetu ulikuwa bado na nyumba za mawe za zamani, zilizojengwa kwa matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Mojawapo ilikuwa ya Bi Mwanakheri, mjane mwenye maneno machache na macho makali. Ukuta wa mashariki wa nyumba ile, katika chumba kikubwa cha ndani, ulikuwa na ufa ulioanzia chini ya boriti na kushuka mpaka usawa wa kitanda. Bi Mwanakheri aliishi na ufa ule kama mtu anavyoishi na jirani mgomvi: hakuupenda, ila alizijua tabia zake. Kila mwaka kabla ya masika alipaka doa la chokaa juu ya ufa, upana wa vidole viwili. Doa likibaki zima, ukuta umetulia. Likikatika, basi ufa unatembea, naye alihamisha kitanda akalala chumba cha mbele mpaka jua lirudi. Aliishi hivyo miaka kumi na minane na hakupata hata mkwaruzo.

Kisha binti yake wa pekee, Kibibi, aliyeolewa Mombasa, akapooza upande mmoja baada ya kujifungua. Alikuwa na watoto watatu na hana wa kumsaidia. Bi Mwanakheri akaamua kuiuza nyumba amfuate mwanawe.

Desturi ya wazee wetu ilikuwa hii: anayeuza nyumba humtembeza mnunuzi chumba kwa chumba mbele ya mashahidi wawili, akizitaja aibu za nyumba kwa mdomo wake mwenyewe. Akishazitaja, nyumba imeuzwa kama ilivyo, na hakuna wa kumrudia. Mnunuzi alikuwa kijana anayeitwa Hatibu, karani wa ghala la katani, mtu mpole na msafi, aliyekuwa amechumbia binti wa watu kutoka kijiji cha jirani. Shahidi mmoja alikuwa imamu wetu. Wa pili nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwashi.

Bi Mwanakheri alitaja kila kitu. Komeo la mlango wa uani limelegea. Boriti ya tatu imeonjwa na mchwa. Mfereji wa bati unavuja. Tulipofika chumba cha ndani alimwonyesha Hatibu ufa, akamweleza habari ya doa, akasema, "Mvua zikianza, humu asilale mtu mpaka uone doa liko salama."

Hatibu akasema, "Nimeona, nimesikia, nimeridhika." Tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa.

Siku tatu baadaye akarudi kuomba komeo litengenezwe. Bi Mwanakheri alicheka kidogo, akamwita seremala. Wiki ikapita, akarudi kwa ajili ya mfereji. Ungeweza kusema muuzaji angemfukuza, maana nyumba ilishauzwa ilivyo, lakini yule mama alisema kwa madogo watu hawagombani, akauziba mfereji. Mara ya tatu Hatibu alinikuta mimi nipo barazani pale, nimekuja kumuaga mama.

"Mama," alisema, "nakuomba ufa wa chumba cha ndani uzibwe kabla sijapokea funguo."

"Hatibu, mwanangu, si nilikuuzia na ufa wake?"

"Uliniuzia, sikatai. Lakini Ijumaa wakwe zangu wanakuja kuitazama nyumba. Wakiuona ule ufa watasema binti yao anapelekwa kwenye gofu."

"Waonyeshe doa, waeleze kama nilivyokueleza wewe. Watu wazima wataelewa."

"Sijaoa bado, mama. Nitaanzaje na aibu?"

Bi Mwanakheri alitikisa kichwa. "Ule ni ukuta wa chokaa, unapumua. Ukiupaka saruji utakunywa maji usiweze kuyatoa. Fundi huyu hapa, muulize."

Hatibu akanigeukia. Nilijua kila neno la yule mama ni kweli. Marehemu baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijaweza kushika mwiko. Lakini kazi zilikuwa haba mwaka ule, na Hatibu alikuwa ameshaniahidi kazi ya kumjengea jiko. Tena sikutaka kuwa mimi niliyevunja posa ya mtu. Nikasema, "Ni kweli anavyosema mama, ila kwa msimu mmoja hautadhurika." Ndivyo nilivyosema. Nusu ya kwanza ilikuwa kweli, na ya pili niliitunga palepale.

Bi Mwanakheri alinitazama kwa muda mrefu. Mkononi alikuwa na barua ya Kibibi, iliyoandikwa na jirani kwa sababu Kibibi mwenyewe hakuweza tena kushika kalamu. Alichoka, nadhani. Akamwambia Hatibu, "Haya, upake, nyumba ni yako. Lakini mkeo umwambie kabla ya masika. Asilale mle mvua zikianza. Niahidi."

"Nitamwambia, mama," Hatibu akajibu, na aliahidi kwa moyo mweupe. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamdhania hivyo.

Nilifanya kazi ya saruji siku mbili. Nilipofika kwenye lile doa la chokaa mkono ulisita, kisha nikalipaka nalo. Nilipomaliza na kuupitishia chokaa juu, ukuta ulikuwa laini na mweupe, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijisifu moyoni, Mungu anisamehe.

Ijumaa wakwe wakaja. Mama wa bi harusi, Bi Mgeni, aliingia chumba cha ndani, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Mwanangu amepata nyumba." Hatibu alitabasamu huku anaangalia chini. Jumatatu Bi Mwanakheri akapanda basi kwenda Mombasa, na mwezi uliofuata harusi ikafanyika. Bi harusi aliitwa Sauda. Alikichagua chumba kile kwa sababu kilikuwa na ubaridi kuliko vingine.

Sasa semeni ninyi, unamwambiaje mke mpya kwamba ukuta uliosifiwa na mama yake una ufa ndani? Hatibu alituambia baadaye kwamba kila siku alijiapiza kumwambia kesho. Mvua ya kwanza iliponyesha alikwenda kuutazama ukuta, akaukuta mkavu, hauna hata mstari. Akaamini alichokiona.

Mimi nami nilipita mbele ya nyumba ile mara mbili msimu ule. Mara ya pili nilimkuta Sauda barazani anapeta mchele. "Karibu, fundi," aliniambia. Nikajibu, "Starehe," nikaenda zangu. Ningeweza kukaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

Siku ya sita, asubuhi, Hatibu akiwa kazini, Sauda alikuwa amejilaza kwa sababu ya kichwa. Ukuta haukulia wala haukupasuka kwanza. Uliporomoka wote kwa mara moja. Tulichimba kwa mikono, mtaa mzima, na tulipomfikia alikuwa ameshatutoka. Saruji yangu ilikuwa imebanduka vipande vikubwa, bado laini na nyeupe upande mmoja. Nyuma yake mawe yalikuwa yameelea kwenye matope. Alikuwa na miaka kumi na tisa, watoto wangu. Nalia mpaka leo nikimkumbuka, na sioni haya kuwaambia.

Siku ya tatu ya matanga Bi Mwanakheri akafika kutoka Mombasa. Hakuingia ndani kwa wanawake. Alikuja moja kwa moja kwenye mkeka wa wanaume, akasimama mbele ya Hatibu, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Ulimwambia?"

 Bi Mgeni alikuwa amemsikia kutoka mlangoni, akatoka nje, khanga imemlegea kichwani.

"Kumwambia nini?"

"Kulikuwa na ufa, mama," Hatibu akasema. "Ulikuwepo tangu zamani. Niliuficha mlipokuja. Niliogopa mngeninyima Sauda."

Bi Mgeni aliketi palepale chini. Watu tulidhani atapiga kelele, lakini alizungumza kama mtu anayemweleza mtoto.

"Nyumba yangu mimi ina nyufa nne, Hatibu. Sauda amekulia humo. Nilimfundisha mwenyewe, tangu hajaota meno ya pili, mahali pa kulala mvua ikinyesha. Ungeniambia, ningemwambia mwanangu lala chumba cha mbele, basi, tukaendelea na harusi." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Ufa uliosemwa hauui, baba. Huua uliopakwa."

Bi Mwanakheri akaketi karibu naye. "Na mimi nimo," akasema. "Niliuza kwa haki, kisha nikakubali haki yangu ipakwe." Halafu alinitazama mimi. Hakunitaja. Wote pale walijua kwamba nilipaka, ila yeye na Hatibu peke yao ndio waliojua kwamba niliulizwa na nikajibu. Nikaangalia miguu yangu mpaka kahawa ikanipoa mkononi.

Watu waliondoka matangani na maneno ya Bi Mgeni. Kabla mwaka haujaisha yalikuwa yakisemwa sokoni, kwenye posa, kwenye kila mauzo, na watu wasiomjua Sauda.

Baada ya arobaini nilikwenda kijijini kwa Bi Mgeni. Nilimwambia kwamba nilijua saruji itauua ukuta ule, nikaulizwa na Hatibu mbele ya Bi Mwanakheri, na nikasema uongo.  Kisha akaniuliza, "Ulimwona mwanangu kabla ya siku ile?"

"Nilimwona, mama. Alinikaribisha barazani."

"Hukukaa."

"Sikukaa."

Alilia, nami nikalia. Hakunisamehe, wala sikuthubutu kumwomba. Nilipoinuka kuondoka alisema, "Usinyamaze tena, fundi. Kila utakapoulizwa, sema, na ujitaje."

Mmeniuliza, nimesema, na nimejitaja. Ufa uliosemwa hauui, huua uliopakwa.