Mondo na Unga wa Bi Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Maziwa?
— Ya kibuyu!
Mlango?
— Ufa wa mwamba!
Na nani anapumua hapo nje?
— Hatusemi, atasikia!

Basi sogeeni. Alikuwapo Bi Pimbi, mjane wa watoto watatu, akiishi ndani ya ufa wa mwamba. Alikuwa hodari wa kugandisha maziwa. Mgando waliula, na yale maji yanayobaki aliyachuja, akayaanika juu ya jiwe mpaka yakawa unga.

Asubuhi moja ufa ukaingia giza. Mondo! Yule paka wa porini, mwembamba, miguu mirefu, mlafi asiyeshiba. Kichwa kimeingia, bega linafuata. Moyo wa Bi Pimbi, du-du-du-du!

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Mbona umekonda hivyo? Chui si atakunyang'anya tena kitoweo chako?"

Mondo akasimama. Jambo hilo lilimuuma.

"Nina unga wa kujenga misuli. Kula huo, upate kifua kama cha Chui. Sisi tupo tu, hatuendi popote."

"Nitakula unga," Mondo akasema, "kisha nitawala ninyi."

Akapewa unga wa mchujo wa kwanza. Akala, akalala. Kesho yake akarudi tumbo limejaa upepo, pruuu!

"Mwongo wewe! Misuli iko wapi?"

Watoto wakajibanza nyuma ya mama yao.

"Mjomba, huo wa kwanza una sukari ya maziwa, na matumbo mengine huikataa. Chukua wa mchujo wa pili, huo ni protini karibu tupu. Lakini, je, ulinyanyua mawe?"

"Mawe ya nini?"

"Unga ni matofali, mjomba. Usipofanya kazi, nani atajenga?"

Mondo akala, akanyanyua mawe. Hiii-ya! Kubu! Hiii-ya! Kubu! Kila alipokuja alisema, "Nitakula unga, kisha nitawala ninyi." Kila alipokuja, Bi Pimbi alimtazama mabega, akiomba yasichelewe kutanuka. Usingizi ulimpaa. Je, akichoka kungoja? Je, akijitazama majini akang'amua?

Alijitazama majini, kweli. Akajipenda.

"Leta mwingine! Leta mkali zaidi!"

Akapewa wa tatu, uliokwisha kuvunjwavunjwa ili mwili uunyonye upesi. Hiii-ya! Kubu! Shingo ikanenepa, kifua kikatanuka, mabega yakawa kama vinu.

Siku moja Bi Pimbi akakung'uta kibuyu. Kitupu.

"Unga umekwisha, mjomba."

"Basi sasa zamu yenu."

Akaruka. Kichwa, ndani! Pumzi yake ya moto ikamfikia kitindamimba usoni. Bi Pimbi akafumba macho. Mabega... kwaa! Akasukuma. Kwaa! Akajipinda, akakwaruza, akavuta tumbo. Kwaa! Mwamba haukumwitikia.

"We Pimbi! Nipe unga wa kukondesha!"

"Huo, mjomba, sijui kuutengeneza."

Mondo akajichomoa, masikio yamechubuka, akaenda zake akinguruma. Bi Pimbi akakaa papo hapo akiwapapasa watoto wake mmoja mmoja, kichwa, mgongo, kichwa tena, kama asiyeamini.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesinzia ajimalizie mwenyewe. Na fundisho lake, wanangu, mlishike sana: jengeni misuli, maana mwenye misuli hakuna mlango unaomshinda. Hamwamini? Muulizeni Mondo!