Mtamba wa Bwawa la Isengo

Hapo zamani, mwezi wa tatu wa kiangazi, ng'ombe pekee wa bibi mmoja, Nyanzobe, alikufa. Alikuwa akinywa maji ya Bwawa la Isengo, ambamo wachimbaji walimwaga zebaki ya kuoshea dhahabu. Kijiji kikakutana. Mwenyekiti akafunga mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwenye nguzo ya ofisi, akatangaza: "Atakayelisafisha bwawa, huyu ni wake."

Nyanzobe alikuwa na wajukuu wanne na kibuyu kisicho na maziwa. Akaenda ziwani, akarudi na gunia la magugu maji kichwani, akayamwaga bwawani.

Watu wakacheka. "Bibi, ziwa zima linalia na magugu hayo, wewe unayabeba kama mboga?"

"Nimeyaona kule yakinywa uchafu wa mgodi," akajibu. "Ninyi mnakunywa nini?"

Magugu yakatanda. Lakini kila asubuhi Masalu, mwenye mwalo mkubwa wa kuoshea dhahabu, alimwaga zebaki mpya. Mwishowe mkewe akamwambia: "Ugali wa maji haya kaupike mwenyewe." Siku tatu Masalu akapika. Siku ya nne akauhamishia mwalo mbali na bwawa, akajenga karo la saruji la kuzuia zebaki. Nusu ya wateja wakamkimbia kwa sababu ya umbali.

Akaja mpimaji wa maji, akachomoa mzizi mmoja. "Zebaki imo humu. Yatoeni yote kabla hayajaoza. Yakiozea bwawani, zebaki inarudi majini."

Nyanzobe akaomba wasaidizi. Siku hiyo kila mtu alikuwa na mgongo unaouma.

Aliyemsikiliza mpimaji vizuri ni Lushinge, mchimbaji ambaye hajawahi kupata hata chembe. Akawaza: zebaki hushika dhahabu, palipo na zebaki, dhahabu haiko mbali. Siku ya mnada, kijiji kizima kikiwa sokoni, akang'oa magugu yote, akayaficha katika shimo lake la zamani la mwamba mkavu, akalifunika kwa mabati asije akagawana na mtu. Akayachambua wiki mbili. Alichopata ni mikono kuwasha.

Mpimaji akarudi, akapima mara mbili. Maji yalikuwa safi. Nyanzobe, Masalu na Lushinge wakafika ofisini kabla hajafunga mkoba wake.

"Gunia langu, shingo yangu," alisema Nyanzobe. "Bila mimi mngekuwa bado mnazika ng'ombe."

"Mama, ungesafisha vipi nami bado namwaga?" alisema Masalu. "Nimeacha, na nimepoteza wateja."

"Kumbe mwizi wa kuku akiacha kuiba, apewe kuku!" Nyanzobe akadakia.

Lushinge akakohoa. "Magugu yangeozea pale, zebaki ingerudi. Aliyeyatoa ni nani?"

"Wewe ulikuwa unaiba!" Nyanzobe akamkatiza.

"Niliiba nini, mama? Zebaki. Kuna mwingine anayeitaka?"

"Ulitafuta dhahabu, usijifanye."

"Na wewe ulitafuta mtamba. Nani hapa alikuja kutafuta maji?"

Mwenyekiti akakuna kichwa. Wakiwa bado wanabishana, mtamba akakata kamba, akateremka hadi bwawani, akanywa mpaka akatosheka, akarudi mwenyewe. Mwenyekiti akaiunga kamba iliyokatika, akaishika mkononi, akawatazama wote watatu.

Je, ungekuwa wewe, kamba hiyo ungemkabidhi nani?