Zamu ya Kununa

Nilikuwapo, nikasikia kwa masikio haya mawili. Anayebisha aseme yeye alikuwa wapi.

Dola ya Zumbara ilikuwa imevimba kwa utajiri. Ikamtuma balozi mjini kwetu Kitumbwe kuitaka chemchemi yetu, ya pekee tuliyokuwa nayo, tena kwa jina la urafiki. Jumbe wetu, shujaa kweli kweli, akamsukuma mbele Bi Mwanasiti, muuza vitumbua.

"Mheshimiwa," Bi Mwanasiti akamwambia balozi, "Mtaa wa Juu wanakupenda. Mtaa wa Chini hawataki hata kukuona. Jumbe akisaini leo, kesho watampindua na mkataba watauchana."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Walainishe, baba."

Balozi akawajengea Mtaa wa Chini soko la mabati. Wakamwimbia. Mara Mtaa wa Juu wakanuna: "Sisi tuliokupenda bure tumepata nini?" Akawajengea zahanati. Mtaa wa Chini wakakasirika upya, na mimi nikiwamo, kwa uzalendo mtupu.

"Watanipenda wote lini?" balozi akalia mwaka wa tatu.

"Bado kidogo tu, baba. Mioyo ya watu haiharakishwi."

Wakubwa wake wakachoka, wakamwita kwao.

"Ulijuaje nani atakasirika lini?" Jumbe akamwuliza Bi Mwanasiti.

Akamwonyesha orodha ya zamu za kufagia chemchemi. "Mtaa usio na zamu ya kufagia ndio wenye zamu ya kununa."

Yote ni kweli tupu, isipokuwa ule uzalendo wangu. Nilinuna mpaka balozi akanipa baiskeli.