Makubadhi ya Vita vya Turkuzani

Katika mji wa Kindaraja alitawala Sultani Mardhuki bin Zuheri, na mji ule ulikuwa na ada isiyopatikana kwingine: Sultani haingii vitani ila kwa kura ya raia, na kila mwenye nyumba anayetaka vita huvua kubadhi lake la kulia akaliweka mbele ya jini Barkushi, mtumwa wa pete ya enzi, ambaye kazi yake ni kuwabeba askari mgongoni.

Basi akaja tarishi kutoka Turkuzani, ng'ambo ya bahari saba, kusema kwamba mfalme wa huko anagombania bustani ya komamanga na binamu yake, na anaomba jeshi. Waziri Fadhaili akasimama na joho lake la hariri.

"Enyi waungwana, heshima yetu iko hatarini! Na vijana si tunao? Wana ijaza za masomo, hawana kazi, kutwa barazani kumaliza kahawa. Waende!"

"Na wewe, ya sheikh?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mimi nitabaki kupanga mipango."

Makubadhi yakarundikana mpaka kiunoni mwa jini. Na askari wa kwanza kutajwa alikuwa Haidari, msomi wa falaki ambaye kila alikoomba kazi aliambiwa arudi akiwa na uzoefu. Kumbe vitani uzoefu hawaulizi! Na Ijumaa ile ndiyo alikuwa amuoe Shamsa binti Kheri.

Shamsa akapenya mpaka mbele, shela limelowa machozi. "Ewe Barkushi, wallahi niambie, unaanza kumbeba nani?"

Jini akapiga miayo, kuta zikatikisika. "Lo, bibi! Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Babu zao walinifunga kwa kiapo niwabebe kwanza wenye makubadhi haya. Ulidhani nayakusanya niyavae?"

Subhanallah! Ungeiona heshima ya mji inavyorukaruka kwa mguu mmoja! Waziri akanyakua kubadhi lolote lililo karibu, akapiga kelele, "Si langu, lakini litanitosha!" Jini akatazama sakafuni: hapakuwa na kura hata moja.

Sultani, ambaye tangu asubuhi hakuitaka vita ila hakuwa na ubavu wa kusema, akashusha pumzi, akaamuru mchele na ng'ombe wa jeshi vipikwe harusini, na Haidari akamfanya mnajimu wa kasri, kwa mshahara. Kazi, jamani, kazi!

Ibra yake, enyi wasomaji, ni kwamba anayeshangilia vita aulizwe kwanza kama na yeye anakwenda. Ama Shamsa, hakumwachia Haidari mkono wa kulia hata pilau ilipoletwa, ikabidi amlishe yeye.