Barua ya Pimbi kwa Shoga Yake Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, walioko nyuma hawajaitika!

Pakawa, na wa nyuma tumeitika!

Hapo zamani za kale, wakati wanyama na watu walipokuwa bado wakisalimiana njiani, palikuwa na mashoga wawili, Bi Pimbi na Bi Kanga. Pimbi mnamjua, yule mdogo asiye na mkia, akaaye katika nyufa za majabali. Kanga naye mnamjua, mwenye madoadoa. Walipendana hao! Akicheka mmoja, mwenzake hushika mbavu.

Basi Kanga akapata watoto. Akaona juu ya jabali hapafai kulea, upepo ni mwingi. Akahamia mbali, ng'ambo ya mbuga, ndani ya korongo lenye mchanga laini. Korongo lilikuwa kavu, halina hata tone la maji. Akakaa chini ya kichaka cha miiba, akalea vifaranga wake.

Pimbi akabaki jabalini. Hakuweza kwenda kumtembelea shoga yake. Kwa nini? Kwa sababu mbugani hakuna jiwe la kujifichia, na juu ya mbuga huzunguka Tai. Na chakula cha Tai ni nini, enyi wanangu?

Ni pimbi!

Ni pimbi, naam.

Asubuhi moja Pimbi akatazama mlimani. Akaona wingu jeusi limekaa kileleni. Alijua kwamba mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka korongoni kwa kishindo, yakibeba magogo na mawe. Na kule chini yuko shoga yake, na vifaranga ambao mbawa zao hazijakomaa.

Akaita kwa sauti yake yote. Upepo ukairudisha sauti, ukamtupia usoni.

Basi akachukua gome laini la mti, akaandika kwa ukucha: "Shoga yangu Kanga, toka korongoni upesi, maji yanakuja. Ni mimi Pimbi." Akalikunja, akalifunga kwa ukindu.

Mara akapita Ngiri.

"Kaka Ngiri, wewe una mbio. Nifikishie barua hii kwa shoga yangu Kanga. Ni jambo la roho za watu."

"Barua tu? Nipe, dada. Kabla hujapiga chafya nimeshafika."

Ngiri akaishika barua mdomoni, akasimamisha mkia, huyoo! Pimbi akamwimbia, nanyi imbeni nami:

Barua nenda, nenda salama,
usiliwe, usilowe, usipotee,
fika kwa Kanga, fika!

Ngiri akakimbia, akakimbia, akakuta tope. Na Ngiri akiona tope, husahau hata jina la mama yake. Akasema, "Nitajigaragaza kidogo tu." Akajigaragaza ubavu wa kushoto. Akajigaragaza ubavu wa kulia. Akalala chali. Alipoinuka, barua imezama, imelowa, haisomeki hata herufi moja.

Akaona haya. Lakini haya hazikumfanya aseme kweli. Akarudi jabalini akasema, "Dada, nimefikisha! Kanga amefurahi, anakusalimu sana."

Pimbi akashukuru, akalala usingizi mzuri.

Kulipokucha akatazama mbali. Akaona vumbi linatoka korongoni. Vumbi la nini? La vifaranga wakichakura mchanga, palepale, hawana habari! Na wingu la mlimani limenenepa.

Pimbi akajipiga paji la uso. "Kumbe kutuma si kufika!"

Akaandika barua ya pili. Mara akatua Kunguru.

"Kaka Kunguru, wewe una mbawa, tope halikuhusu. Nifikishie barua hii. Lakini usirudi mikono mitupu. Muulize Kanga swali moja, uniletee jibu lake. Muulize, siku tulipokutana mara ya kwanza, ni nani aliyelia?"

"Swali dogo hilo," akasema Kunguru. Akaikwapua barua, akaruka. Imbeni!

Barua nenda, nenda salama,
usiliwe, usilowe, usipotee,
fika kwa Kanga, fika!

Kunguru akaruka, akaruka, akapita juu ya kijiji cha watu. Kijijini kuna harusi. Pilau linanukia mpaka mawinguni. Kunguru akasema, "Nitaonja kidogo tu." Akafungua mdomo ili aonje. Na barua ilikuwa wapi? Mdomoni! Ikaanguka motoni chini ya sufuria. Mama mpishi akainua mwiko. "We kunguru we! Unatutilia uchafu jikoni?" Akamfukuza, lakini mnofu mmoja alikuwa ameshaupata.

Akarudi jabalini anajilamba.

"Umefikisha?" akauliza Pimbi.

"Nimefikisha!"

"Kanga amesema ni nani aliyelia?"

Kunguru akakuna kichwa. "Amesema... mlilia wote wawili. Kwa furaha."

Pimbi akamtazama. "Kunguru, hukufika kwa Kanga. Na midomo yako inanuka pilau."

Kunguru akaruka zake bila kuaga.

Sasa wingu la mlimani limekuwa jeusi kama masizi, na radi zimeanza kunguruma. Pimbi akakaa akawaza. Nani anaijua nyumba ya Kanga, hata asipotee njiani? Nani ana macho, ana mbawa, na hajali tope wala pilau? Akainua uso. Akamwona Tai anazunguka, anazunguka, juu ya kile kichaka cha miiba.

Pimbi akasema, "Huyu anamtamani Kanga kila siku. Hakuna anayeijua nyumba yake kumshinda."

Pimbi wenzake wakapiga yowe. "Umerukwa na akili? Utampa barua yule? Wazazi wetu aliwamaliza nani?"

"Nampa barua," akasema Pimbi. "Sijampa shingo yangu."

Akaandika barua ya tatu, akaingia nayo ndani kabisa ya ufa mwembamba, akapiga mluzi. Tai akatua juu ya jabali, kucha zake zikikwaruza mawe.

"Shikamoo, Bwana Tai."

"Marahaba, mwanangu. Toka nje tuzungumze vizuri."

"Hapa panatosha, bwana wangu. Nimekuita kwa sababu nimekasirika. Niliwaambia wanyama kwamba Tai anaweza kufikisha barua. Wakacheka! Wakasema Tai akishika kitu, hukichana. Hajui kazi nyingine."

Manyoya ya Tai yakasimama. "Nani kacheka?"

"Kunguru alicheka kuwashinda wote."

"Kunguru! Mla mizoga yule anicheke mimi? Lete hiyo barua!"

"Nitakupa. Lakini uniletee na jibu. Muulize Kanga, siku tulipokutana ni nani aliyelia. Ukileta jibu la kweli, mvua ikianza kunyesha nitatoka. Nitasimama peupe juu ya jabali, nikusifu mbele ya wanyama wote."

Tai akameza mate. Peupe! Akasema moyoni, sifa nitapata, na nyama nitapata.

Pimbi akaisukuma barua kwa kijiti. Tai akaibana katika kucha, akapaa. Imbeni, wanangu, imbeni kwa nguvu!

Barua nenda, nenda salama,
usiliwe, usilowe, usipotee,
fika kwa Kanga, fika!

Tai akapita juu ya tope, hakuliangalia. Akapita juu ya harusi, hakugeuza shingo. Akashuka moja kwa moja mpaka kichakani. Kanga na vifaranga wakajikunyata katikati ya miiba.

"Bi Kanga, hodi! Una barua yako."

"Hee! Tangu lini Tai akabisha hodi? Itupie humu, bwana. Karibu sitasema, miiba hii haina adabu."

Tai akaitupia. Kanga akasoma. Akasoma tena, mguu mmoja juu.

"Nipe jibu," akasema Tai. "Siku mlipokutana, ni nani aliyelia?"

Kanga, pamoja na hofu yote ile, akacheka. "Mwambie aliyelia ni panzi."

"Panzi?"

"Mwambie hivyohivyo. Nilikuwa nimemshika mdomoni, akalia mpaka Pimbi akatoka kutazama. Akacheka, nikacheka, panzi akaenda zake."

Tai akapaa haraka, maana matone ya kwanza yalikuwa yameanza, na hakutaka kuchelewea sifa zake wala nyama yake. Alipopaa tu, Kanga akatoka kichakani. "Haya, wanangu, nyuma yangu! Asibaki mtu!"

Tai akatua jabalini anahema. "Aliyelia ni panzi!"

Pimbi akaruka mle ndani akagonga kichwa juu, asisikie maumivu. "Imefika! Barua yangu imefika!"

Mvua ikamwagika. Wanyama wa mbugani wakakimbilia chini ya jabali, Ngiri akiwemo, Kunguru akiwemo. Na Pimbi akatimiza ahadi. Akatoka, akasimama peupe, mdogo kama ngumi.

Tai akakunjua mbawa amrukie. Lo! Mbawa zimelowa, nzito kama blanketi lililotoka mtoni. Akaruka, akaanguka kwa makalio.

Pimbi akapaza sauti: "Wanyama wote, mtazameni Tai! Ngiri alishindwa na tope. Kunguru alishindwa na pilau. Tai hakushindwa na kitu!"

Wanyama wakapiga vigelegele. Ngiri akatazama miguu yake. Kunguru akajificha nyuma ya nyati. Tai akajiweka sawa, akainua shingo, hasira zikamwisha.

"Rudia pale pa 'hakushindwa'," akasema.

Pimbi akafungua kinywa arudie. Kabla hajatoa neno, kishindo kikasikika. Maji yameshuka! Yakajaa korongo lote, yakang'oa kile kichaka cha miiba, yakapita nacho. Pimbi akasimama mvuani, macho yake mbugani.

Nyasi zikatikisika. Akatoka Kanga, amelowa chepechepe, madoadoa yamejaa matope. Nyuma yake kifaranga. Nyuma yake kifaranga. Nyuma yake kifaranga, mpaka wa mwisho, akichechemea na kulalamika.

"Shoga!" akalia Pimbi.

"Shoga, nimepata barua yako! Mwandiko wako mbaya, lakini nimeusoma wote!"

Wakakumbatiana, wakacheka, wakalia. Pimbi akawaingiza wote katika ufa wake mkavu, wakabanana humo, wakapata joto. Jabali zima likaimba mpaka mvua ikakatika.

Wanangu, kutuma si kufika. Ukimtumia mwenzio neno lenye uzito, usilale mpaka upate jibu lake mwenyewe. Na mjumbe usimpime kwa tabasamu lake, mpime kwa alicholeta.

Hadithi yangu imefika kwenu. Ikiwa tamu, mgawieni na jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe niitafune.