Mashine ya Nandonde

Hapo zamani, si zile za sungura kusema bali hizi za juzijuzi ambazo wengine wenu mlikuwapo, kwenye mikorosho ya Newala aliishi Hawetu, mbangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali, nayo yalikuwa yamembabua vidole hata kushika kikombe cha chai ni adhabu. Ombi lake lilikuwa moja tu: binti yake Somoe asipate vidole kama vile.

Mumewe Nandonde, fundi baiskeli, akachukua pedali, mnyororo na visu viwili, akaunda mashine. Unakanyaga, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Hawetu alilia kwa furaha.

Majirani wakaomba wafundishwe kuiunda. Mjomba wa Nandonde akakataa, na kwao mjomba akishasema, mpwa hana neno. "Kitu cha ukoo hakitoki nje," alisema. "Wakijua wote, watoto wetu watakula nini?" Ikabaki hiyo moja.

Akaja mnunuzi kutoka mjini, akasifu: korosho nzima namna hii, bila shaka zimebanguliwa kwa mkono. Hawetu aliogopa korosho zingedharauliwa pedali ikitajwa. Akajibu, "Ndiyo, za mkono." Msicheke, nanyi mngesema hivyo. Mnunuzi akaandika daftarini, msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Msimu wa nne akaja afisa. Mashine isiyo na kibali ni marufuku, akasema, kwa maana katika wilaya jirani mashine nyingine ya kienyeji ilimkata mtu mkono. Akataka ushahidi kwamba hii ni salama. Nandonde akamtaja mnunuzi, kwamba misimu mitatu amenunua korosho za mashine hiyo na hakuna aliyeumia. Daftari la mnunuzi likafunguliwa: za mkono, za mkono, za mkono.

Hawetu akasema ukweli, ila ulikuwa umechelewa. Afisa akamuuliza kwa upole, "Mama, nikuamini wewe wa leo, au wewe wa misimu mitatu?"

Mashine ikabebwa kwenda kukaguliwa. Ikanyeshewa uani mwa ofisi, ikaota kutu. Nandonde alikatazwa kuunda nyingine hadi ile ipite, akafariki akisubiri, na mwingine aliyejua kuiunda hakuwapo.

Siku hizi Somoe anabangua kwa mkono. Mama yake humpaka mafuta ya nazi vidoleni, asithubutu kumtazama usoni. Mjomba anasema aliulinda ukoo. Afisa anasema alilinda mikono ya watu. Hawetu hajitetei, anajuta tu.

Haya, nyinyi mliokaa kimya, niambieni: kati ya hao watatu, nani amwombe Somoe radhi kwanza?